Nahamia Mbeya na familia: nitumie dalali wa nyumba au nitafute mwenyewe?

Kijana wa Kihonda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kampuni imenihamishia Mbeya na natakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi wa saba. Niko Morogoro na mke na watoto wawili, mdogo ana pumu. Mbeya nimepita tu nikielekea Tunduma, siijui zaidi ya Mwanjelwa inavyoonekana kutoka dirishani mwa basi.

Natafuta nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, luku (mita ya umeme) ya peke yangu, maji ya uhakika, na gari dogo liingie ndani ya fensi. Bajeti ni 250,000 kwa mwezi, nikibanwa sana 300,000. Ofisi iko Soweto.

Nimeongea na dalali niliyepata namba yake kwenye grupu la Facebook. Anataka 20,000 ya kunizungusha, hairudi hata nisipopenda nyumba. Juu ya hapo malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Halafu amenitumia picha za nyumba mtaa wa Forest, anasema inagombaniwa, nitume 100,000 ya kishika uchumba leo leo aifunge.

Mke wangu anasema huo ni utapeli, twendeni tukatafute wenyewe. Mwenzangu wa ofisini aliyetangulia anasema Mbeya bila dalali nitalala gesti mwezi mzima. Nani yuko sahihi?

Kipunji

Usitume hata mia. Tuwekee hizo picha alizokutumia.

Kijana wa Kihonda

Nimeziweka hapo chini. Nyumba ya taili, gipsamu, fensi, bustani.

Kipunji

Mkuu, picha ya pili nyuma ya ukuta kuna minazi. Ya nne ina kiyoyozi ukutani. Forest ya wapi hiyo? Mwezi wa saba Forest tunalala na blanketi mbili na soksi, kiyoyozi cha nini?

Tabata Shule

Hahahaa minazi ya Forest. Mkeo mpe kuku mzima.

Mwana wa Loleza

Huyo wa Facebook mwache, anayetaka hela ya kushika nyumba ambayo hujaikanyaga hana nyumba. Ila usimchukulie kama mfano wa madalali wote wa hapa. Mimi nimepanga Mbeya tangu nikiwa kapera, nimepata nyumba kwa dalali na nimepata bila dalali, na naona kila njia ina mahali pake.

Kwanza ujue nyumba za Mbeya zinavyopatikana. Chumba kimoja na chumba na sebule, hivyo vinatembea kwa mdomo. Mpangaji anahama, anamwambia mwenzake kazini au kanisani, kabla mwezi haujaisha kuna mtu ndani. Kwa hivyo vyumba dalali ni hasara tupu. Zunguka mtaani, uliza kwa mangi wa duka, uliza kwa fundi cherehani, uliza vijana wa bajaji kijiweni, utapata. Soda tu inatosha.

Nyumba nzima yenye fensi ni habari nyingine. Wengi wenye nyumba hizo hawaishi hapa. Yuko Dar, yuko Tunduma kwenye biashara, yuko Kyela shambani, wengine wako nje kabisa. Nyumba ameachia mdogo wake au dalali, na funguo ziko kwa huyo. Utapita nje ya geti, utaona nyumba tupu, majani yameota uani, na jirani atakwambia mwenyewe hayupo, mpigie fulani. Huyo fulani ndiye dalali. Utazunguka wiki nzima na utarudi kwake tu.

Kwa hiyo kwa nyumba unayotaka wewe, dalali utakutana naye upende usipende. Swali langu kwako ni unamlipa lini na unamlipia nini.

Kuhusu maeneo. Ofisi ikiwa Soweto angalia Ilomba, Mama John, Sae, Isyesye, Forest mpya. Itezi na Uyole ni mbali kidogo lakini kodi inashuka na nafasi ya kupumua ipo. Upande wa Nzovwe, Iyunga hadi Iwambi sikushauri, maana asubuhi utakuwa unapambana na malori ya Zambia na Kongo kwenye barabara ile ile. Foleni ya Mbeya si ya magari madogo, ni ya semi.

Dada wa Sae

Nakazia hapo kwenye barabara. Kuna upanuzi wa njia nne, Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Nyumba ikiwa karibu na lami angalia ukutani kama kuna alama ya X, na angalia vizuri kwa sababu wengine wanaipaka rangi. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Ukilipa miezi sita kwenye nyumba yenye X, likija katapila utabaki unamtafuta mwenye nyumba kwa simu.

Mtu wa Ilomba

Mimi nasema wazi: dalali ni mnyonyaji. Kufungua geti tu mtu anachukua mshahara wa mlinzi wa mwezi mzima. Piga hesabu. Nyumba ya 250,000, miezi sita ni 1,500,000. Ongeza yake inakuwa 1,750,000. Gawanya kwa sita, tayari unalipa karibu 292,000 kwa mwezi kwa nyumba ya 250,000. Na ukihama baada ya miezi sita, unaanza upya na dalali mwingine.

Kipunji

Ukikaa mwaka inashuka hadi kama 271,000. Anayehamahama ndiye anayeumia.

Dada wa Sae

@Mtu wa Ilomba weka na upande wa pili. Gesti ya heshima hapa huipati chini ya 25,000 kwa usiku. Akilala siku kumi akitafuta mwenyewe, 250,000 hiyo imekwenda, na chakula cha hotelini bado. Watoto na mizigo viko Moro. Anayeishi hapa hapa na ana muda, atafute mwenyewe. Mgeni mwenye tarehe ya kuripoti, hesabu yake ni nyingine.

Mtu wa Ilomba

Asilale gesti sasa, alale kwa huyo mwenzake wa ofisini.

Tabata Shule

Na mke na watoto wawili? Atahamishwa yeye na urafiki.

Dalali wa Kabwe

Nimesoma kimya nimeshindwa kuvumilia. Mimi ni dalali, naandika bila aibu.

Mnasema tunafungua geti tu. Hamjui kwamba nyumba moja ninayomwonyesha mtu nimeifuata mara ngapi kwa bodaboda kabla yake, mafuta yangu, vocha yangu. Mteja anakuja anasema vyumba vitatu Forest kwa 150,000. Unamzungusha Forest, Block T, Ghana, Isyesye, jua linazama, anakwambia ngoja nikaongee na mama watoto. Hapokei simu tena. Wiki ijayo unamkuta amehamia kwenye nyumba uliyomwonyesha wewe, alirudi kinyemela akaongea na shamba boi. Hiyo ndiyo hela ya kuzungusha ilikotoka. Waliifanya wateja.

Kwangu ni 10,000, na ukichukua nyumba naikata kwenye malipo yangu. Malipo yangu ni ya mwezi mmoja, nayachukua siku unayopewa funguo na mkataba, si kabla. Dalali yeyote anayekudai kodi ya mwezi kabla hujamwona mwenye nyumba, kimbia, na mimi mwenyewe nitakusaidia kukimbia.

Na nyinyi mnaosema mtazunguka wenyewe, sawa. Ila hamtajua kwamba nyumba ile nzuri ya pale bondeni mvua za mwezi wa tatu maji yanaingia hadi jikoni. Mimi najua kwa sababu nimeshawahamisha watu pale.

Mwana wa Loleza

Na ukijua, unamwambia mteja?

Dalali wa Kabwe

Akiuliza namwambia.

Tabata Shule

AKIULIZA 😂😂😂

Mama Tuse

Wanangu, ugonile. Mimi ni mama mwenye nyumba, ninazo mbili Isyesye na mwenyewe naishi Kyela. Nisikilizeni na upande wetu.

Nyumba yangu ikiwa tupu nawaambia madalali watatu au wanne kwa pamoja. Atakayewahi kuleta mtu ndiye kala. Siwalipi chochote, wanalipwa na mpangaji. Lakini mjue jambo moja ambalo wapangaji hamlioni. Dalali analipwa na wewe ila anayemwogopa ni mimi. Wewe utamlipa mara moja, ukishaingia hamwonani tena. Mimi nina nyumba mbili, na dada yangu ana nne, na tukimkasirikia hapati kitu kwetu. Kwa hiyo paa likivuja hawezi kukwambia linavuja, atakwambia ulizia kwa mama. Msimlaumu, ndivyo ugali wake ulivyo.

Na kingine. Nikimwambia 220,000 wengine wanawaambia wapangaji 260,000, tofauti wanaweka mfukoni miezi sita yote. Mwaka juzi mpangaji wangu alinipigia kuomba nipunguze kodi kutoka 260,000, nikashangaa, mimi napokea 220,000. Tangu hapo mpangaji nataka aongee na mimi kwa simu kabla hajatoa hela, na hela iingie kwenye akaunti yangu yenye jina langu.

Kijana wa Kihonda

Mama shikamoo. Asante sana. Sasa nikikutana na dalali nikamwambia nipe namba ya mwenye nyumba, si atakataa?

Mama Tuse

Marahaba mwanangu. Namba atakataa, anaogopa utamruka. Usimwombe namba. Mwambie apige yeye kwa simu yake, aweke sauti ya juu, muongee watatu. Umuulize mwenye nyumba mwenyewe: kodi ni shilingi ngapi, miezi mingapi, maji na taka nani analipa, na jina la akaunti ni la nani. Dalali mkweli haogopi hilo. Anayeanza kusema ooh mzee hasikii vizuri, ooh yuko kikaoni, mshukuru uondoke.

Dalali wa Kabwe

Mama amesema kweli kuhusu cha juu. Wapo. Ila si wote jamani.

Mtoro wa Leicester

Mjadala huu nauangalia kutoka mbali nacheka. Hapa Uingereza ilikuwa hivyo hivyo, mpangaji analipa ada kwa wakala, ada ya kuandika mkataba, ada ya kukuchunguza, ada ya kuongeza muda. Tangu 1 Juni 2019 sheria ya England imepiga marufuku karibu ada zote hizo kwa mpangaji, wakala analipwa na mwenye nyumba. Ujerumani walitangulia 2015: aliyemwita dalali ndiye anayemlipa. Jiji la New York nalo limefuata Juni 2025 kwa hoja hiyo hiyo.

Mama Tuse ameeleza kwa lugha ya Kyela kile ambacho wabunge wa huku walikijadili miaka. Dalali aliyeitwa na mwenye nyumba analipwaje na mpangaji?

Mtu wa Ilomba

Na kodi zilipanda au hazikupanda baada ya hapo?

Mtoro wa Leicester

Kodi zimepanda, ila zilikuwa zinapanda na kabla, siwezi kukwambia ni kwa ajili ya hilo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba siku ya kuhama huhitaji kukopa.

Wakili Mlowezi

Naongezea upande wa karatasi, halafu niwaachie.

Kwetu hakuna bei elekezi ya kodi ya nyumba. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, ya 1984, ilifutwa 2005. Miezi sita, mwaka, mitatu, yote ni makubaliano. Kwa hiyo msimwambie mgeni kwamba mwenye nyumba "hana haki" ya kudai miezi sita. Anachoweza mgeni ni kujadili. Nyumba iliyokaa tupu muda mrefu, mwenye nyumba hulegea. Muulize jirani imekaa tupu tangu lini kabla hujakaa kwenye meza ya kujadiliana, hilo swali lina hela ndani yake.

Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu uwe hata wa mdomo. Ndiyo maana watu wengi wanaishi kwa kuaminiana na sheria haiwatupi. Lakini siku mkigombana, mdomo hauna ushahidi. Andikeni. Mkataba uwe na jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, siyo la dalali, siyo "Mama Fulani". Kama anayesaini ni mdogo wake au mtoto wake, kuwe na barua ya kumruhusu, au mwenye nyumba athibitishe kwa meseji kutoka namba yake. Andikeni tarehe ya kuanza, kiasi, miezi, notisi ya kuhama, na nani anatengeneza nini. Hali ya nyumba siku ya kuingia ipigwe picha.

Malipo ya dalali yawe na karatasi yake peke yake. Usikubali yafichwe ndani ya kodi, maana ndipo cha juu kinapojificha.

Mkienda kudaiana, baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu tena. Kesi inasikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mgogoro wako na dalali kuhusu ada yake si mgogoro wa nyumba, ni wa makubaliano ya fedha. Wakati wa kumkamata ni kabla hujamlipa, si baada.

Sikujua77

Wakili, mtu atajuaje kama aliyejiita mwenye nyumba ndiye kweli? Kuna jamaa Mwanjelwa alilipishwa na mpangaji aliyekuwa anahama. Alijifanya ndiye mwenye nyumba, akapokea hela za watu watatu, akaondoka na basi la usiku.

Wakili Mlowezi

Muone balozi au mwenyekiti wa mtaa. Mbeya watu wanajuana, swali la "nyumba ile ya nani" linajibiwa kabla hujamaliza kuuliza. Omba na ankara ya maji, ina jina la mteja. Na usifanye mambo haya usiku.

Mwanachuo wa Ikuti

Kwa wanaotafuta chumba huku Iyunga na Ikuti: msisubiri chuo kifunguliwe mwezi wa kumi. Subirini watu wamalize mitihani mwezi wa saba, mnarithi chumba kwa anayeondoka, dalali hajui hata kama kuna chumba. Mwezi wa kumi chumba cha 40,000 kinaitwa 60,000 na dalali yuko mlangoni.

Kamwene

Iringa hapa. Kamwene nyote.

Nimehamia Iringa nikitokea Mbeya na naona tofauti. Mji ni mdogo, wenye nyumba wengi wanakaa humu humu, mara nyingi uani kwenye nyumba ndogo. Gangilonga na Wilolesi dalali atakusaidia kwa sababu nyumba ni kubwa na wenyewe ni wafanyakazi waliohamishwa. Lakini Mtwivila, Mkimbizi, Ipogolo, nenda mwenyewe, ongea na mzee. Atakuuliza unatoka wapi, unafanya kazi gani, kwenu ni nani, unasali wapi. Usiudhike. Ukijibu vizuri hata miezi mitatu anakubali. Ukija na dalali, mzee anakuwa mgumu, anadhani una hela za kuchezea. Kihesa na Semtema wanachuo wameshapandisha bei, huko sina ushauri.

Tabata Shule

Kwenu ni nani 😂 huko mnapanga au mnaposa?

Kamwene

Yote mawili yanawezekana.

Dada wa Sae

Tumrudie mleta uzi, mtoto wake ana pumu na hilo hakuna aliyeligusa. Kaka, nyumba za Mbeya zinashika unyevu. Wakati wa kiangazi huoni kitu, ukuta umepakwa rangi mpya unameta. Ukiingia chumbani nusa kwanza. Gusa ukuta chini karibu na sakafu, angalia nyuma ya mapazia na ndani ya makabati, angalia kona za gipsamu. Rangi mpya kwa ukuta mmoja tu, wengine wakiwa wa zamani, hiyo rangi inaficha kitu. Chagua nyumba ambayo vyumba vya watoto vinapata jua la asubuhi. Na fungua bomba lenyewe la idara ya maji, siyo la simtanki, uone kama linatoa maji. Uliza majirani maji yanatoka siku zipi, kiangazi mgao upo.

Dalali hawezi kukufanyia haya. Hata awe malaika.

Dalali wa Kabwe

Hilo la ukuta mmoja dada umetuchoma.

Kijana wa Kihonda

Wakuu nimewaelewa. Mpango wangu: nakuja peke yangu wikiendi, familia inabaki. Nitatafuta dalali huko huko, aliye na kijiwe kinachojulikana, simtumii mtu hela nikiwa Moro. Na nitapita mtaani mwenyewe kabla ya kuonana naye. Nitaleta mrejesho.

Mtu wa Ilomba

Utaliwa tu.

Kijana wa Kihonda

Mrejesho kama nilivyoahidi. Samahani kwa ukimya, kuhama kunachosha.

Nilifika Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nikazunguka kwa miguu Ilomba na Sae bila dalali. Nyumba nilizoona nyingi zilikuwa za kuchangia uani, nzuri ila si za familia yenye gari. Moja ilikuwa na X, imefunikwa na bango la kinywaji. Dada wa Sae, Mungu akubariki. Faida kubwa ya ule mzunguko ilikuwa bei. Kufika mchana nilikuwa najua nyumba kama ninayotaka watu wanaoishi humo wanalipa kiasi gani, maana niliuliza wapangaji wenyewe na siyo wanaotangaza.

Mchana nikaonana na dalali niliyeelekezwa na mangi wa pale. Alitaka 15,000 ya mzunguko, tukakubaliana 10,000 ikatwe mwishoni. Nyumba ya kwanza ilinuka ukungu, sikumaliza hata vyumba. Ya tatu ndiyo niliyoipenda, iko Ilomba ndani kidogo, fensi, jua la asubuhi lipo, bomba lilitoa maji nikiwa nimesimama. Akasema 280,000, miezi sita, mwenyewe yuko Tunduma.

Nikawa nimeshaongea na jirani wakati dalali anahangaika na kufuli. Mpangaji aliyetoka alikuwa analipa 230,000 na nyumba ilikuwa tupu tangu Pasaka. Nikamwambia dalali apige simu tuongee watatu kama Mama Tuse alivyofundisha. Alizungukazunguka, betri, mtandao, mara mzee analala mchana. Nikavaa koti nikawa naondoka. Akapiga.

Mzee akasema 240,000 bila kuuma maneno. Dalali akaangalia mti wa parachichi pale uani kwa muda mrefu, halafu akasema bosi, ile nyingine ilikuwa bei ya mwanzo.

Kwa hiyo 1,440,000 iliingia benki kwa jina la mzee, na mtoto wake alikuja na barua tukasaini kwa mwenyekiti wa mtaa. Miezi mitatu alikataa katakata. Dalali alitaka mwezi mzima wa 240,000, nikamwambia baada ya ile simu nampa 200,000, ile 10,000 niliyotangulia kutoa ikiwa humo humo. Alinuna, akapokea, akasaini. Jumla 1,640,000. Kwa bei yake ya kwanza ningetoa 1,960,000.

Mtu wa Ilomba

Bado umempa mtu laki mbili kwa kufungua kufuli.

Kijana wa Kihonda

Mkuu ile nyumba nilipita mbele yake asubuhi. Geti limefungwa, hakuna kibao, hakuna namba. Nisingeijua.

Dalali wa Kabwe

Asante. Mjumbe hauawi.

Sikujua77

Tuwekee namba ya huyo dalali basi, nami natafuta.

Kijana wa Kihonda

Namba za watu siweki hadharani. Ulizia kwa mangi Ilomba, utampata.

Naomba kuuliza la mwisho. Nimenunua umeme wa 10,000 mara ya kwanza, umeingia kidogo mno. Nimeibiwa na nani tena?

Dada wa Sae

Hujaibiwa. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ikikaa bila mtu kununua umeme, deni linajikusanya, anayenunua kwanza analibeba lote. Imekaa tupu tangu Pasaka, hesabu mwenyewe. Meseji ya umeme ina mchanganuo, utaona.

Mama Tuse

Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, mwanangu. Mpigie mzee, mwambie kwa upole, mtumie na ile meseji. Mkubaliane na ya mbele pia, ikatwe kwenye kodi ya pango ijayo. Wangu nawarudishia.

Kijana wa Kihonda

Nimempigia. Amesema nitunze meseji zote hadi mwezi wa kwanza tutafanya hesabu. Ndaga mama.